Kutengeneza Ekseli Zilizonyooka za Gari la Mradi wa Sayansi: Mwongozo Kamili

Gari dogo la boksi lililoundwa kwa uangalifu, likapakwa rangi na kuandikwa namba ubavuni, laweza kuachiliwa sakafuni mbele ya darasa zima, likaenda mita moja tu, kisha likapinda na kugonga mguu wa dawati. Nimeliona jambo hilo mara nyingi nikiwa na wanafunzi wa klabu ya sayansi, na karibu kila mara hukumu yao huwa moja: ekseli, kile kijiti kinachobeba magurudumu mawili, imepinda. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi ekseli yenyewe haina kasoro, na kosa liko mahali ilipowekwa, kwa hiyo mwanafunzi hutoa kijiti kizuri, huweka kingine, na gari huendelea kwenda kombo kama lilivyokuwa.

Tunaposema ekseli imenyooka tunazungumzia mambo manne kwa pamoja. Kijiti chenyewe kisiwe na kipindo. Matundu mawili yanayokishika yawe kwenye mstari mmoja. Ekseli ya mbele na ya nyuma ziwe sambamba. Na kila gurudumu lisimame wima juu ya ekseli yake, tundu likiwa katikati hasa. Kila kasoro ina dalili yake. Kijiti kilichopinda huyafanya magurudumu yayumbe huku na huku. Matundu yasiyolingana huifanya ekseli iwe nzito kuzunguka hata kama haina mzigo. Ekseli zisizo sambamba hulipeleka gari upande mmoja kwa utulivu, bila kuyumba. Tundu lililotobolewa kando ya katikati hulifanya gari lidunde kana kwamba linapita kwenye matuta. Ukizijua dalili hizi hutapoteza siku nzima kurekebisha kisichoharibika.

Mwongozo huu unahusu gari la urefu wa takriban sentimita 25, linalosukumwa na mpira wa kufungia noti au kuachiliwa kwenye ubao ulioinama, lenye sentimita 20 kati ya ekseli mbili na sentimita 10 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Vipimo vyako vikiwa tofauti, utaratibu haubadiliki.

Kuchagua kijiti

Nyenzo ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote ni spoku ya baiskeli. Ni ya chuma kigumu, ni ya mviringo kamili, unene wake wa kawaida ni milimita 2, na fundi baiskeli yeyote anazo zilizotolewa kwenye magurudumu ya zamani, ambazo mara nyingi atakupa bure au kwa bei ndogo sana. Spoku moja ya baiskeli kubwa ina urefu wa kutosha kutoa ekseli mbili za sentimita 12. Upande mmoja ina kichwa kilichopindwa, na upande wa pili ina nyuzi za kufungia kinati chake kidogo. Omba na vinati hivyo, kwa sababu vitakufaa kuzuia gurudumu lisichomoke.

Mishikaki ya mwanzi ni chaguo la pili. Ni rahisi kukata na haidhuru mikono ya watoto wadogo, lakini mingi si mviringo kamili, na mwanzi hufyonza unyevu, hivyo kijiti kilichonyooka Jumatatu chaweza kuwa kimejipinda Ijumaa baada ya mvua. Ukiitumia, nunua pakiti nzima na uchague minne iliyo bora. Misumari mipya ya inchi 5 nayo inafaa kwa gari zito, ila misumari iliyong'olewa kwenye mbao za zamani iache kabisa.

Usitumie waya wa kufungia nondo wala waya wa hanga ya nguo. Najua magari ya waya ya watoto wetu, yenye magurudumu ya kandambili, yametengenezwa hivyo miaka yote, na yanasukumwa kwa fimbo yenye usukani hadi mwisho wa kijiji. Gari hilo linaongozwa na mkono, kwa hiyo kupinda kidogo hakulidhuru. Gari la mradi linajiendesha lenyewe, na waya laini ukishapindwa mara moja haurudi kunyooka kwa kiwango tunachokitaka. Mbavu za mwavuli pia zinadanganya: nyingi zimekunjwa kama mfereji, hazina mviringo, na zitakwaruza tundu zinapozunguka.

Kupima kwa kioo

Rula ya plastiki haitoshi kupimia unyoofu, kwa kuwa yenyewe huenda imepinda. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha au mlango wa kabati, ukilaze mezani, na ukifute vumbi. Weka spoku juu yake na uisukume taratibu kwa kiganja ili ibiringike. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinifundisha kutumia sikio mahali hapa. Aliinamisha kichwa karibu na kioo, akaviringisha spoku nne mfululizo, akazitenga mbili bila hata kuzitazama. Nilipoinama nami nikasikia: zile mbili zilitoa mlio wa ti, ti, ti, mgongo wa kipindo ukigonga kioo kila mzunguko, ilhali nyingine zilipita kwa sauti moja nyororo.

Baada ya sikio tumia jicho. Weka kioo mbele ya dirisha, shusha macho hadi usawa wa meza, na utazame mwanga unaopenya chini ya spoku. Izungushe hadi pengo liwe kubwa kuliko yote, kisha weka alama ya kalamu ya maka juu yake, mahali pengo linapoonekana pana zaidi. Sasa lipime. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ya gramu 80, ina unene wa takriban milimita 0.1. Kata ukanda mwembamba wa karatasi hiyo na ujaribu kuupitisha chini ya spoku. Ukanda mmoja ukipita lakini mbili zikikwama, kipindo hakizidi milimita 0.2, na ekseli hiyo inafaa. Karatasi tano zikipita, itahitaji kunyooshwa. Andika idadi ya karatasi zilizopita kwenye daftari la mradi. Hicho ni kipimo halisi kilichopatikana bila chombo cha gharama.

Kukata

Wengi huiharibu spoku nzuri kwenye hatua hii. Plaizi inapokata chuma hukibana kutoka pande mbili, na ncha hubaki bapa kama patasi, tena imepinda kidogo. Ncha hiyo haitaingia kwenye tundu la gurudumu bila kulipanua. Kwa hiyo pima sentimita 12, ongeza milimita 3, funga spoku kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani cha mafundi, au ibane kati ya vipande viwili vya mbao, na uikate kwa msumeno wa chuma. Kisha itie tupa hadi urefu kamili, ukiizungusha kadiri unavyopiga tupa ili ncha iwe na ukingo wa mviringo usiokwaruza. Upande wenye kichwa, kata sentimita 1 nyuma ya kipindo, kwa kuwa sehemu iliyo karibu na kipindo haiaminiki.

Kama huna budi kutumia plaizi, funika ncha kwa kitambaa wakati wa kukata. Kipande kidogo cha chuma hiki huruka kwa kasi, na jicho halina badala.

Kunyoosha

Chuma cha spoku kina tabia ya kurudi. Ukikipinda kidogo kinarejea kilikokuwa, na ukikipinda zaidi ya kiasi fulani kinabaki na sehemu tu ya ulichokipa. Maana yake ni kwamba kukinyoosha kunahitaji kukipitisha kidogo upande wa pili wa mstari ulionyooka, kisha kukiachia kirudi. Weka vijiti viwili vya mbao juu ya meza, vikiwa mbali sentimita 5, lalisha spoku juu yake na alama yako ikiwa juu katikati, na uibonyeze kwa dole gumba taratibu. Achia, rudi kwenye kioo, pima. Bonyeza tena kwa nguvu zaidi kidogo. Mara nne au tano hutosha.

Usiigonge kwa nyundo juu ya chuma au saruji. Nyundo huacha vibonyeo vidogo ambavyo huonekana baadaye, ekseli inapokwama kwenye tundu lake kwenye pembe ileile kila mzunguko. Mshikaki wa mwanzi hunyooshwa kwa joto: upitishe juu ya moto wa mshumaa bila kuuchoma, unyooshe kwa vidole ungali na joto, na uushike hivyo hadi upoe.

Mrija wa kushikia ekseli

Hapa ndipo kazi yote inapofaulu au kuharibika, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda.

Mwanafunzi anapotoboa boksi upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, anatengeneza matundu mawili ambayo hayajuani. Hata akipima vizuri, moja litakuwa juu kidogo au mbele kidogo. Ekseli iliyonyooka ikipitishwa humo hulazimika kukaa mshazari, na ikikazwa hupinda. Dawa yake ni kutotengeneza sehemu mbili tangu mwanzo. Tumia mrija mmoja mrefu unaovuka chasisi nzima, yaani kitako cha gari, uugundishe ukiwa mzima, na ndipo uukate katikati ukihitaji. Vipande viwili vilivyobaki vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo viko kwenye mstari mmoja bila kupimwa.

Mrija wa kunywea soda ni mpana mno kwa spoku. Wenye kipenyo cha milimita 6 utaiacha spoku ya milimita 2 icheze nafasi ya karibu milimita 4, nayo itakaa inavyotaka. Unaofaa ni kijiti cha plastiki cha pipi, kile chenye tundu ndani, au mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha. Unene wake wa ndani hutofautiana, hivyo beba spoku yako na ujaribu michache: inapaswa kupita kwa uzito wake yenyewe ukiinamisha mrija, lakini isitikisike ukiishika ncha. Mrija wa wino usafishe kwanza kwa spiriti na uuache ukauke, kwa sababu wino uliobaki hunata. Ikiwa umepata mrija mpana tu, viringisha ukanda wa karatasi uliopakwa gundi juu ya spoku iliyopakwa nta, ukitengeneza kipete cha kuziba kila mwisho wa mrija. Gundi ikikauka, spoku itachomoka kwa sababu ya nta.

Chasisi yenyewe isiwe laini. Boksi moja hujikunja kufuata mifereji yake ya ndani, na chasisi ikijikunja hupeleka ekseli pamoja nayo. Gundisha tabaka mbili, mifereji ya moja ikikatana na ya nyingine, uzikandamize chini ya vitabu usiku mzima. Kipande cha plaiwudi ni bora zaidi.

Kuziweka ekseli sambamba

Tuangalie kwanza gharama ya kosa dogo. Tuseme mwisho mmoja wa ekseli ya mbele umesogea milimita 1 mbele kuliko mwisho wa pili, kwenye upana wa sentimita 10. Mkengeuko huo ni 1 kwa 100. Kwa kuwa ekseli zimeachana sentimita 20, gari litafuata duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20 mara 100, yaani mita 20. Ukichora duara hilo utaona kwamba baada ya mita 2 gari limetoka mstarini kwa sentimita 10, na baada ya mita 4 limetoka kwa sentimita 40. Umbali ukiongezeka mara mbili, mkengeuko huongezeka mara nne. Milimita moja ambayo hakuna aliyeiona mezani huonekana na kila mtu sakafuni.

Kwa hiyo usikadirie kwa macho. Gundisha karatasi ya grafu, au ukurasa wa daftari la miraba, chini ya chasisi, ukiulinganisha na ukingo mmoja tu wa chasisi. Chagua mistari miwili iliyo mbali sentimita 20 na uikoleze kwa penseli. Kama huna karatasi ya miraba, tumia kanuni ya 3, 4 na 5 ambayo mafundi waashi huitumia kupata pembe mraba ya msingi wa nyumba: kwenye ukingo wa chasisi pima sentimita 12, kutoka hapo pima sentimita 9 kuelekea upande wa pili, na usogeze hadi umbali wa kufungia pembetatu uwe sentimita 15 kamili.

Ingiza ekseli ndani ya mrija kabla ya kuugundisha, kwa kuwa ekseli ndiyo inayoulazimisha mrija unyooke. Ulaze juu ya mstari, tia tone dogo la gundi kila mwisho, fanya hivyo kwa mrija wa pili, kisha usimame na upime kabla gundi haijashika sana. Weka alama mbili kwenye kila ekseli, sentimita 5 kila upande kutoka katikati ya gari. Pima kutoka alama ya mbele hadi ya nyuma upande wa kushoto, kisha wa kulia: zote ziwe sentimita 20. Halafu pima ulalo mmoja, yaani kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na wa pili unaoukata. Kwa vipimo vyetu kila mmoja ukaribie sentimita 22.4, na muhimu zaidi ni kwamba mmoja ulingane na mwenzake. Pande zikilingana lakini ulalo zikitofautiana, ekseli ni sambamba ila chote kimelala mshazari kama mstatili uliosukumwa. Gari litakwenda ubavu-ubavu kidogo. Rekebisha sasa, halafu ndipo ujaze gundi urefu wote wa mrija na uiache ikauke kabisa. Gundi ya moto hushika haraka mno kwa kazi hii ya kusogezasogeza. Gundi ya mbao hukupa muda.

Magurudumu

Vifuniko vya chupa za maji ni vyepesi na vinafanana, mradi vyote vinne vitoke kwenye chupa za aina moja. Kufanana si urembo. Kifuniko cha milimita 30 husafiri takriban milimita 94 kwa mzunguko mmoja, na cha milimita 31 husafiri takriban 97. Vikifungwa kwenye ekseli moja inayozunguka navyo, kimoja kitalivuta gari daima kuelekea upande wa mwenzake mdogo.

Kutafuta katikati, zungushia kifuniko penseli kwenye karatasi, kata duara hilo, likunje nusu, kisha nusu tena, na ulifungue: mikunjo inakutana katikati. Libandike juu ya kifuniko na utoboe kwa ncha ya kompasi. Baadhi ya vifuniko vina kidoti kidogo katikati kilichoachwa na kalibu ya kiwandani, lakini kihakiki kwa karatasi yako. Panua tundu taratibu kwa kuzungusha ncha, si kwa msumari uliotiwa moto, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hukimbilia upande mmoja na tundu huhama.

Kifuniko kimoja kinashikwa na ekseli kwenye sehemu moja nyembamba, na hivyo hulala kwa urahisi. Chukua viwili, vitobolewe vyote katikati, uvigundishe mdomo kwa mdomo. Ekseli sasa inapita kwenye matundu mawili yaliyoachana, na gurudumu husimama wima lenyewe. Utahitaji vifuniko vinane kwa gari zima. Njia nyingine ni kukata kiduara cha mpira wa kandambili na kukishindilia ndani ya kifuniko kabla ya kukitoboa.

Kati ya gurudumu na mrija tia ushanga mmoja. Bila ushanga gurudumu husugua ubavu wa chasisi, na msuguano wa upande mmoja hulipindisha gari kama vile ekseli imekaa vibaya. Acha nafasi ya milimita 1 hivi. Ukikaza kabisa halizunguki, ukilegeza sana ekseli itahamahama. Ndani ya mrija usitie mafuta ya kula, kwa kuwa hukusanya vumbi. Unga wa penseli uliokunwa kwa msasa hulainisha vizuri na hukaa mkavu.

Ekseli ya nyuma yenye mpira

Ikiwa gari linasukumwa na mpira, ekseli ya nyuma inabeba kazi ambayo ya mbele haiijui: inavutwa katikati. Spoku ya milimita 2 iliyoshikwa kwenye sehemu mbili zilizoachana sentimita 10, ikivutwa katikati kwa nguvu ya nyutoni 10, hupinda takriban milimita 1.3 wakati mpira umekazwa. Ukisogeza sehemu hizo hadi sentimita 5, kupinda hupungua mara nane. Kwa hiyo unapokata mrija wa nyuma ili mpira upate mahali pa kujizungushia, kata pengo dogo, sentimita 2 hadi 3, na uiache mirija iwe mirefu kila upande. Mrija wa mbele uache mzima.

Kulijaribu gari

Kwanza liinue gari, uzungushe kila ekseli kwa kidole, na uhesabu sekunde hadi isimame. Inayosimama haraka kuliko mwenzake ina mrija unaobana au ushanga uliokazwa. Tazama pia ukingo wa gurudumu dhidi ya ncha ya penseli iliyoshikwa bila kutikisika: ukingo ukikaribia na kujitenga, gurudumu linayumba. Ligeuze gurudumu nusu mzunguko juu ya ekseli bila kuizungusha ekseli. Sehemu inayoyumba ikigeuka pamoja na gurudumu, kosa ni la tundu. Ikibaki ilipokuwa kwenye ekseli, ncha ya ekseli imepinda.

Kisha chora mstari wa chaki wa mita 4 sakafuni na uliachilie gari kutoka ubao ulioinama, mara tatu, ukipima kila mara limekwenda pembeni sentimita ngapi. Kabla ya kugusa ekseli, hamishia ubao mwisho wa pili wa mstari na urudie. Gari likiendelea kupinda kuelekea ukuta uleule wa chumba, sakafu ndiyo yenye mteremko, na gari lako halina kosa. Likipinda kuelekea mkono wake uleule, wa kushoto au wa kulia, basi ekseli si sambamba. Chomoa gundi ya mwisho mmoja tu wa mrija wa mbele, usogeze kwa unene wa karatasi mbili au tatu, gundisha, na upime tena. Kwa gari linalokwenda kushoto, mwisho wa kulia wa ekseli ya mbele ndio unaorudishwa nyuma.

Siku ya maonyesho lisafirishe gari likiwa limelala kichwa chini ndani ya boksi lenye vitambaa, magurudumu yakitazama juu, ili uzito wa mizigo mingine usiziegemee ekseli, na uchukue kipande chako cha kioo pamoja na spoku mbili za akiba ambazo tayari zimepimwa.